Umeme Ukirudi, Faili Liko Wapi?

Watu wakishajua kwamba nimekula chumvi nyingi kwenye kazi za kompyuta, swali lao la kwanza huwa ni kivinjari kipi bora. Wanataka jina moja, wakalisakinishe jioni hiyo hiyo. Mimi huwarudishia swali: mtandao ukikatika wakati faili limefika asilimia tisini, kivinjari chako hufanya nini? Wengi hawajui. Wamelinganisha kasi ya kufungua ukurasa, mandhari, idadi ya viendelezi, lakini hilo hawajawahi kulitazama. Siwalaumu. Mimi mwenyewe nisingelijua kama nisingefundishwa na laini mbovu.

Katikati ya miaka ya 2000 nilikuwa mhudumu wa intaneti kafe mjini Morogoro. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulikuwa haujafika Dar es Salaam. Ungefika Julai 2009. Sisi tulitegemea dishi juu ya paa na setilaiti iliyokaa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ombi la mteja lilipanda huko, likashukia bara jingine, jibu likarudi kwa njia ile ile, na zaidi ya nusu sekunde ilishapotea kabla herufi ya kwanza haijaonekana. Hilo lilivumilika. Kilichotuumiza ni upana. Laini ilikuwa ya kilobiti 128 kwa sekunde, yaani kilobaiti 16, na kompyuta zilikuwa kumi. Wote wakivuta kitu kwa pamoja, kila mmoja aliambulia kilobaiti moja na nusu hivi. PDF ya megabaiti 10 ilihitaji karibu saa mbili, na sisi tulitoza kwa saa.

Wateja wetu wakubwa walikuwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Sokoine na Mzumbe. Walikuja kushusha makala za majarida, fomu za maombi ya masomo ya nje, masasisho ya antivairasi ya kupeleka hosteli kwa flashi. Kisha mgao wa umeme ulipopamba moto, kila faili refu likawa bahati nasibu. Jenereta tulikuwa nalo, ila kati ya umeme kuondoka na jenereta kuwaka zilipita dakika za kutosha kuzima kila kitu.

Kulikuwa na mhadhiri mmoja mzee, mtu wa udongo na mbolea, aliyependa kushusha ripoti nene. Siku moja aliingia baada ya umeme kurudi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, kijana wangu. Ile ripoti yangu imeshashuka?"

"Bado mwalimu. Umeme ulikatika ikiwa imebaki kidogo."

"Sasa inaendelea ilipoishia?"

"Hapana mwalimu, inaanza upya."

Akavua miwani, akaitazama kompyuta, kisha akanitazama mimi. "Kwa hiyo hiki chombo chenu hakijui kuhesabu."

Nilicheka kwa adabu. Baadaye, nilipoanza kusoma jinsi mambo yale yanavyofanya kazi, niligundua kwamba mzee alikuwa ameugusa mshipa wenyewe. Kuendelea ulipoishia ni suala la kuhesabu tu. Kanuni za HTTP/1.1, zilizotolewa kwa mara ya kwanza Januari 1997, tayari zilikuwa na utaratibu wake: kivinjari kinahesabu baiti kilizonazo kwenye diski, kisha kinaiambia seva, nipe kuanzia baiti namba fulani hadi mwisho. Seva ikikubali hujibu kwa namba 206, maana yake hiki ni kipande. Isipokubali hujibu 200 na kulimwaga faili zima tangu mwanzo. Kuna hata alama ya utambulisho wa faili, ili kivinjari kijue kama lile lililoko kwenye seva bado ni lile lile la jana au limebadilishwa. Bila alama hiyo unaweza kuunga nusu ya toleo la zamani na nusu ya jipya, ukapata kitu kisichofunguka.

Basi kanuni ilikuwepo karibu miaka kumi kabla ya malalamiko ya mzee. Ila vivinjari vingi vya zama zile havikujishughulisha kuitumia. Vilitengenezwa na watu ambao laini zao hazikatiki. Internet Explorer, iliyokuwa ndani ya karibu kila kompyuta ya Windows, ilikuja kupata kidhibiti kamili cha upakuaji, chenye kusimamisha na kuendelea, kwenye toleo la 9, Machi 2011. Hapo katikati watu walinunua programu za pembeni kwa kazi hiyo moja.

Aliyeniokoa alikuwa Mnorwe. Opera ilianza mwaka 1994 kama utafiti ndani ya kampuni ya simu ya Norway, Telenor, na walioianzisha, Jon Stephenson von Tetzchner na Geir Ivarsøy, walikuwa na tabia ya kutia kila kitu ndani. Tangu matoleo ya awali ilikuwa na dirisha la upakuaji ambamo unasimamisha, unazima kompyuta, unarudi kesho na kubonyeza endelea. Toleo la 7 lilikuja na programu ya baruapepe ndani yake. Toleo la 9, mwaka 2006, likaleta BitTorrent, uzuiaji wa vitu usivyovitaka ukurasani na kuhifadhi ukurasa mzima, picha na yote, kama faili moja. Kikwazo kilikuwa matangazo: hadi Septemba 2005 ilikuwa ama ulipe, ama ukae na bango la tangazo juu ya dirisha.

Mimi nilichoipendea zaidi ni kitufe kidogo cha picha. Unabonyeza, na kivinjari kinaonyesha picha zile tu ambazo tayari kimezihifadhi, nyingine hakizifuati. Kwenye laini ya kilobaiti moja na nusu, hapo ndipo tofauti ya kusoma gazeti na kuliangalia likijichora ilipo. Na ule uwezo wa kuhifadhi ukurasa kama faili moja ulitufaa siku za matokeo ya kidato cha nne. Tovuti ililemewa na nchi nzima, lakini ukishaupata ukurasa wa shule moja unauhifadhi, na wazazi wote wa shule ile wanausoma kwetu bila kuugusa mtandao tena. Bosi wetu, mama mkali wa hesabu, alitoza bei ndogo kwa huduma hiyo, na hakuna aliyenung'unika.

Upande wa pili alikuwepo Firefox. Alizaliwa Septemba 2002 kwa jina la Phoenix, kwa kupunguza: Dave Hyatt na Blake Ross waliona programu ya Mozilla imenenepa kupita kiasi, wakachomoa kivinjari peke yake na kuacha mengine yaongezwe na anayeyataka. Firefox 1.0 ilipotoka tarehe 9 Novemba 2004 ilikuwa chini ya megabaiti 5 kwa Windows, na kwetu hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini upungufu wake ulijazwa na watu wa nje, kwa viendelezi. DownThemAll! ilikuwa kidhibiti cha upakuaji ambacho Firefox haikuwa nacho. FlashGot, ya Mtaliano Giorgio Maone, ilikipeleka kiungo moja kwa moja kwenye programu ya upakuaji uliyonayo. Adblock Plus iliondoa matangazo, na kwa anayelipia kila megabaiti matangazo ni deni.

Nitakaa kidogo kwenye DownThemAll! na wenzake, maana hapo niliona jambo ambalo maelezo ya watengenezaji hayalisemi. Programu hizi hulikata faili vipande vinne, vinane au zaidi, zikafungua njia kadhaa kwa wakati mmoja, na kuahidi kasi maradufu. Ahadi ni ya kweli, kwa namna fulani. Njia ya mtandao inayogombaniwa hugawanywa takriban sawa kwa kila muunganisho, siyo kwa kila mtu. Mwenye muunganisho mmoja kati ya kumi anapata fungu moja. Mwenye minane anapata mafungu manane. Ni mtu aliyeketi kwenye sinia la wali na wenzake tisa, yeye ana mikono minane. Wali haujaongezeka.

Kwenye kafe hilo lilionekana kwa macho. Kijana mmoja wa mwaka wa tatu aliingia na programu yake kwenye flashi, akaisakinisha kimyakimya, na ghafla kona nzima ya chumba baruapepe zikagoma kufunguka. Yeye alikuwa anatabasamu. Bosi alipoelezwa aliandika kwa kalamu nene akabandika ukutani: MARUFUKU KUSHUSHA KWA VIPANDE. WENZAKO PIA WAMELIPA. Nimesoma nyaraka nyingi za kitaalamu kuhusu ugawaji wa njia za mtandao tangu wakati ule, na bado sijaona iliyolieleza suala kwa ufupi kama karatasi ile. Kanuni za HTTP za mwaka 1999 zenyewe zilishauri mteja asifungue zaidi ya njia mbili kwa seva moja. Vivinjari vikuu baadaye vilipanda hadi sita, na hakuna aliyeviandikia karatasi.

Firefox 3 ilitoka tarehe 17 Juni 2008, na kwa saa 24 ilipakuliwa mara 8,002,530, ikaingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness. Ndani yake kilikuwemo nilichokisubiri: upakuaji unaoweza kuendelea hata baada ya kukifunga na kukifungua kivinjari. Sisi tuliishusha mara moja, usiku, tukaieneza kwa flashi kompyuta hadi kompyuta.

Flashi hizo zilikuwa na mkasa wao. Tangu Windows XP ilipopata kifurushi cha pili cha maboresho, mwaka 2004, faili lililotoka intaneti hupigwa muhuri usioonekana, na ukitaka kulifungua mfumo unakuonya kwamba chanzo chake ni cha mbali. Ulinzi mzuri. Ila muhuri huo hukaa kwenye sehemu ya faili ambayo diski za mtindo wa NTFS pekee ndizo huihifadhi. Flashi za watu zilikuwa za FAT. Ukinakili faili kwenda kwenye flashi, muhuri unabaki nyuma, na huko hosteli programu inafunguka kama iliyotoka dukani. Kwa hiyo kivinjari kilikuwa kimefanya wajibu wake, mfumo umefanya wajibu wake, na onyo bado halikumfikia mtu aliyekusudiwa. Nikisikia leo mtu anasifia ulinzi uliojengwa ndani, huwa nawaza: hadi wapi?

Mafaili yasiyokamilika nayo yalitusumbua. Firefox huandika faili la muda lenye mwisho wa .part na, pembeni yake, faili tupu lenye jina halisi, kulishikia nafasi. Chrome, iliyotoka Septemba 2008, huweka .crdownload. Mteja mwenye haraka anaona jina analolitaka, ananakili, anaondoka na baiti sifuri. Ilinibidi niwe nasimama mlangoni niulize: umeangalia ukubwa wake?

Niliondoka Morogoro, nikaenda Dar es Salaam kufanya kazi za kutunza mitandao ya ofisi, mkongo ukaja, na kwa muda nikadhani habari za kukatika zimekwisha. Hapo ndipo nilipogundua ukatikaji wa aina nyingine: siyo laini, ni kipengele chenyewe kinaondolewa.

Februari 2013 Opera walitangaza kwamba wanaacha injini yao waliyoijenga kwa miaka mingi na kuhamia kwenye ile inayotumiwa na Chrome. Opera 15 ilipotoka Julai mwaka huo, baruapepe haikuwemo tena ndani, hata alamisho za kawaida hazikuwemo mwanzoni, na vipengele vingi ambavyo watumiaji walivizoea kwa muongo mzima vilikuwa vimetoweka. Von Tetzchner alikuwa ameshaondoka kwenye kampuni mwaka 2011. Baadaye alianzisha kivinjari cha Vivaldi, na kuvirudisha vitu hivyo kimoja kimoja.

Waliokuwa upande wa viendelezi walicheka, lakini kwa miaka minne tu. Novemba 2017 Firefox 57 ilikata viendelezi vyote vya mtindo wa zamani. Sababu zilikuwa za maana: vile vya zamani viliruhusiwa kugusa kila kiungo cha kivinjari, vikawa vinazuia maboresho ya kasi na usalama. Lakini DownThemAll! ilikufa siku hiyo, ikaja kurejea mwaka 2019 ikiwa imeandikwa upya, na uwezo wake ukiwa mdogo kuliko wa awali kwa kuwa njia mpya haikuruhusu kila kitu. Mei mwaka huo huo cheti cha kidijitali cha Mozilla kiliisha muda, na viendelezi vya watu duniani kote vikazimika kwa pamoja wikiendi moja.

Kisha kuna suala la nani anakimiliki kiendelezi. The Great Suspender, kiendelezi cha Chrome kilichopunguza kumbukumbu inayoliwa na vichupo vilivyolala, kiliuzwa mwaka 2020 kwa mtu asiyejulikana. Februari 2021 Google walikiondoa kwa kuwa na msimbo hasidi. Waliokisakinisha hawakufanya lolote jipya, kilijisasisha chenyewe. Mfano wa pili una mwisho mwema, ila unachanganya: Raymond Hill aliandika uBlock mwaka 2014, akaukabidhi mradi kwa mwingine mwaka 2015, kisha akaendelea na nakala yake kwa jina la uBlock Origin. Leo anayetafuta "uBlock" anaweza kukuta zaidi ya jina moja, na la Hill ni lile lenye Origin. Hill hapokei hata michango. Nao Google, kwa mabadiliko ya kanuni za viendelezi wanayoyaita Manifest V3, walikizima kiendelezi hicho ndani ya Chrome kati ya 2024 na 2025, likabaki toleo jepesi lenye nguvu pungufu. Firefox wameendelea kukiruhusu kikamilifu.

Ukiniuliza basi, kilichojengwa ndani au cha kuongeza, jibu langu haliko sawa kwa kila kazi. Kilichojengwa ndani kinaweza kuondolewa na mtu mmoja: kampuni. Cha kuongeza kinaweza kuondolewa na kampuni, na mwandishi wake, na yeyote atakayekinunua kwa mwandishi. Ndiyo maana upakuaji siupi tena kiendelezi. Vivinjari vya sasa vinaendelea vilipoishia vizuri vya kutosha, na mwenye haja zaidi bora atumie programu kamili ya pembeni ambayo sasisho la kivinjari haliwezi kuiua. Kuzuia matangazo nakiachia kiendelezi, kimoja, cha Hill, ndani ya Firefox, kwa sababu kampuni inayoishi kwa matangazo siitegemei initengenezee kizuizi cha kweli. Viendelezi vya kuonyesha hali ya hewa, vya kubadilisha rangi ya usuli, vya kutafuta bei, naviona kama pau za zana zilizokuwa zikila nusu ya kioo pale Morogoro. Kila mteja aliapa hakuzisakinisha.

Lakini mabishano haya yote ni ya watu wenye kompyuta. Jamaa zangu wengi wanaingia mtandaoni kwa simu, na Chrome ya Android haipokei viendelezi kabisa. Firefox ya Android ilifungua mlango kwa viendelezi kwa upana Desemba 2023 tu. Kwa mwenye simu, kilichojengwa ndani ndicho alichonacho, basi. Na kinaweza kuondoka pia: Chrome ya simu ilikuwa na hali ya kubana data, ikaondolewa mwaka 2022. Opera Mini, iliyoenea duniani tangu 2006, bado inabana: ukurasa unafunguliwa kwanza kwenye seva za Opera, unasagwa, unaletwa mdogo. Kwa mtu wa bando la siku ni msaada mkubwa. Bei yake ni kwamba katika hali yake ya kubana sana, seva za katikati ndizo zinazofungua hata kurasa zilizofichwa kwa usimbaji, hivyo habari za benki usizipitishe humo. Shangazi yangu nilimwekea vivinjari viwili, kimoja cha magazeti na kimoja cha pesa, na anavitofautisha bila shida kuliko wanangu.

Juzi mpwa wangu alikuja na kompyuta mpakato. Alikuwa anashusha Ubuntu, zaidi ya gigabaiti 5, kwa bando la usiku. Bando liliisha katikati, na alipolinunua lingine kivinjari kikasema upakuaji umeshindikana, chaguo pekee ni kuanza upya.

"Mjomba, nimeliwa GB tatu hivi hivi?"

Nilimwambia asibonyeze kitu, kwa kuwa ukighairi, kivinjari hulifuta faili la muda. Tukaingia kwenye folda ya vipakuliwa, tukalikuta lile la .crdownload likiwa bado lipo, tukalinakili pembeni na kulipa jina lake halisi. Windows 10 imekuwa ikija na curl ndani yake tangu 2018, programu iliyoanzishwa na Msweden Daniel Stenberg mwaka 1998. Ukiipa kiungo cha faili na chaguo la -C likifuatiwa na kistari, inapima ukubwa wa faili lililoko, inaomba baiti zilizobaki. Seva ikakubali. Lilipokamilika tukapiga hesabu ya SHA-256 kwa certutil, tukailinganisha na ile waliyoichapisha Ubuntu wenyewe, herufi kwa herufi. Zikalingana.

Mpwa wangu alilitazama lile dirisha jeusi muda mrefu. Halafu akauliza mahali pa kubofya ni wapi, ili akawaonyeshe wenzake.